Kutoka kaseti hadi ukurasa wa intaneti: jinsi vijana wa Fizi walivyojifunza kazi ya habari

BARAKA, wilaya ya Fizi. Kila mwaka, masomo yanapokaribia kuisha, vijana wa Baraka huonekana wakizunguka na barua ya shule mkononi, wakitafuta mahali pa kufanyia staji. Tanzania mafunzo hayo ya kazini huitwa fildi, Kenya huitwa atachimenti, lakini jambo ni lilelile. Mwanafunzi hukaa wiki kadhaa kando ya watu wa kazi, anatazama, anajaribu, anakosolewa, kisha anaandika ripoti na kupewa pointi. Wengine huenda hospitali, wengine kwenye ofisi za mashirika. Na wako wanaobisha hodi kwenye redio.

Kijana anayeingia redio leo hafundishwi tena kusoma habari tu. Anatakiwa arekodi kwa simu, akate sauti kwenye kompyuta, apunguze uzito wa picha, aweke habari kwenye ukurasa wa intaneti, kisha aitume kwenye makundi ya WhatsApp ambako ndugu walioko Nyarugusu, Bujumbura, Lubumbashi au Marekani wanaisubiri. Wazee wengi huiona kazi hiyo kuwa mambo mapya ya vijana. Lakini ina historia, na historia hiyo imepita katikati ya vita, kukimbia na kurudi. Ukiifuata tangu mwanzo unaona jambo moja linajirudia: vyombo vilibadilika mara nyingi, kazi ilifundishwa sikuzote kwa mtu kukaa karibu na mtu, na kilichopotea kila mara ni kumbukumbu.

Redio za kwanza na kaseti zilizofutwa

Kwa miaka mingi ya utawala wa Mobutu redio ilikuwa ya serikali. Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka wa 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na polepole mlango ukafunguka kwa magazeti na redio za watu. Bukavu ilipata Radio Maendeleo mwaka wa 1993, moja ya redio za jamii za kwanza nchini. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na wakimbizi wengi kuingia Kivu, waandishi wa habari kutoka Uswisi walianzisha hapohapo Bukavu Radio Agatashya, jina lenye maana ya mbayuwayu. Kazi yake ilikuwa kuwapa wakimbizi na wenyeji habari za kuaminika, wakati ambapo redio nyingine ya Rwanda ilikuwa imetumika kuchochea watu wauane.

Kwa kijana wa Fizi wa wakati huo, shule ya kazi hii ilikuwa mbali. Chuo kikubwa cha uandishi wa habari kilikuwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa barabara ni safari ambayo watu wachache wangethubutu kuianza. Kwa hiyo wengi walioijua kazi waliijulia studio. Walianza kwa kubeba mashine ya kurekodi ya mwenye kazi, wakaendelea kwa kutafuta mwanzo wa mahojiano kwenye mkanda, wakafika kuandika habari kwa mkono na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hiyo ilikuwa staji, hata pale ambapo hakuna barua ya shule iliyotolewa.

Kaseti moja ilichukua dakika 60 au 90, na kaseti mpya ilikuwa pesa. Redio maskini ilifanya kama redio maskini zote duniani: ya jana ilifutwa ili ya leo ipate nafasi. Sauti ya chifu akieleza mpaka wa shamba, sauti ya mama akisimulia shambulio, ilisikika mara moja ikaisha.

Mwezi wa kumi mwaka wa 1996 vita vya AFDL vilianza upande wa Uvira. Radio Agatashya ilinyamaza mwaka huohuo. Watu wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo wa 1996, na ya Lugufu mwaka wa 1997. Vita vya pili vilianza mwezi wa nane mwaka wa 1998. Mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa uliofuata yakatokea mauaji ya Makobola, kwenye barabara ya Uvira kuja Baraka, na watu wengine wengi wakavuka maji. Mwaka wa 1999 waasi wa RCD waliifunga Radio Maendeleo.

Hasara ya kukosa kumbukumbu ilionekana wazi baadaye. Umoja wa Mataifa ulipotaka kuandika mabaya yaliyotendeka Kongo kati ya mwaka wa 1993 na 2003, wachunguzi walilazimika kuhoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kusoma karatasi zaidi ya 1,500. Ripoti yao, inayojulikana kwa jina la Mapping, ilitoka tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka wa 2010 na kutaja matukio 617, Makobola yakiwemo. Wakati huo miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita tangu mengi ya mambo hayo. Mashahidi wengine walikuwa wamekufa, wengine walikuwa kambini. Kila kaseti iliyofutwa katika miaka hiyo ilikuwa ushahidi mmoja uliopungua.

Waliojifunzia ukimbizini

Upande wa pili wa ziwa kazi haikusimama. Mwaka wa 1995, Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera. Ilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, kwa wakimbizi na kwa Watanzania majirani zao. Kambini Nyarugusu na Lugufu redio ndogo ya betri ilikuwa mali ya thamani. Wanaume walikusanyika kuisikiliza jioni, na aliyekuwa na betri mpya alipata wageni wengi. Swali lilikuwa moja kila siku: kule nyumbani kumetulia?

Kenya, kwenye kambi ya Kakuma, wakimbizi walipiga hatua nyingine. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2008 walianzisha gazeti lao la kwenye intaneti, Kakuma News Reflector, linalojulikana kwa kifupi kama Kanere. Waandishi wake walitoka Ethiopia, Kongo, Somalia, Sudani, Uganda na Rwanda. Baadhi yao walikuwa waandishi wa habari kabla ya kukimbia. Wengine walijifunza kando yao, habari moja baada ya nyingine. Gazeti hilo halikuwa la shirika wala la serikali, na mara nyingi liliandika mambo ambayo wakuu wa kambi hawakupenda kuyasoma. Lakini lilionyesha kitu ambacho kaseti haikuweza: neno lililoandikwa na mkimbizi ndani ya kambi lilisomwa siku hiyohiyo Nairobi, Geneva na Toronto, na baada ya mwaka mmoja bado lilikuwa palepale, tarehe yake juu.

Barua hiyo ya tarehe si jambo dogo. Mkimbizi aliyesoma habari ya mgao wa chakula aliweza kurudi miezi sita baadaye na kusema, tuliahidiwa hivi, siku hii. Redio ilimpa habari. Ukurasa ulimpa habari na risiti yake.

Meli za kurudi na redio ya Baraka

Tarehe 25 mwezi wa pili mwaka wa 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza nchini Kongo, kwa ushirikiano wa Monuc na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, walewale waliotoka kwenye kazi ya Agatashya. Ilisema Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo, na ilisikika pande zote mbili za mstari wa vita. Studio zake zilifanya kazi kwa kompyuta. Kwa vijana wengi wa Kivu huko ndiko walikoona kwa mara ya kwanza sauti ikigeuka kuwa mistari ya mawimbi kwenye kioo, ikikatwa kwa kipanya badala ya kurudishwa nyuma kwenye mkanda.

Mwezi wa kumi mwaka wa 2005 HCR ilianza kuwarudisha wakimbizi kwa hiari yao kutoka Kigoma hadi Baraka kwa meli. MV Mwongozo ni jina ambalo familia nyingi za Fizi hazijalisahau. Kabla ya kupanda meli, kila familia ilikuwa na maswali. Je, shamba limechukuliwa? Mabomu ya ardhini yako wapi? Shule inafanya kazi? Watoto waliozaliwa Lugufu watapokewaje na waliobaki? Shirika la Search for Common Ground, ambalo Wakongo wengi walilijua kwa jina la Centre Lokole, lilitengeneza kipindi cha redio kilichoitwa Jirani ni Ndugu, kwa ajili ya wanaorudi na wanaowapokea. Lokole ni ile ngoma ya mti ya kupelekea ujumbe, na jina lilifaa.

Kipindi cha namna hiyo kinahitaji watu wa kukitengeneza kijiji kwa kijiji. Hapa vijana wenye masikio na miguu walipata nafasi, na wengi kati yao walikuwa wamerudi na kile walichojifunza kambini: Kiswahili cha Tanzania, kuandika kwa mpangilio, kidogo cha kompyuta. Walikaa na waliobaki, ambao walijua nani ni nani, barabara gani inapitika, na neno gani likisemwa vibaya linaweza kuwasha moto kati ya jamii moja na nyingine. Mmoja alikuwa na ufundi wa mashine, mwingine alikuwa na ufundi wa watu. Kazi nzuri ilitoka pale walipofundishana.

Kazi hiyo ilikuwa pia na gharama. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 mwezi wa sita mwaka wa 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyohiyo, aliuawa Bukavu tarehe 21 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2008. Tangu hapo mzazi wa Kivu anapomruhusu mtoto wake afanye staji redio, anajua anachokiruhusu.

Kesi ya Baraka na somo la kuficha jina

Mwezi wa pili mwaka wa 2011 mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikaa hapa Baraka kuhukumu ubakaji uliofanywa Fizi siku ya mwaka mpya. Tarehe 21, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20, na askari kadhaa walihukumiwa pamoja naye. Kesi hiyo ilisikika duniani kote, kwa sababu haikuwa kawaida mkuu wa jeshi wa cheo hicho kuhukumiwa Kongo kwa kosa hilo, tena karibu kabisa na walikokaa walioumizwa.

Kwa kazi ya habari, kesi ya namna hiyo ni shule nzima. Wanawake waliokubali kusema walikaa katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake. Kutaja jina la kijiji, umri na idadi ya watoto kunatosha kumtambulisha mtu hata kama jina lake halikusemwa. Kwenye redio kosa kama hilo hupita na upepo, ingawa madhara hubaki. Kwenye intaneti kosa lenyewe hubaki. Mtoto wa mama huyo anaweza kulisoma akiwa na miaka 20.

Mwaka wa 2018 ulileta somo la upande mwingine. Mahakama ya kijeshi Bukavu iliwahukumu wakuu wawili wa FDLR kwa mauaji yaliyofanyika katika vijiji vya wilaya ya Kalehe mwaka wa 2012, na kati ya ushahidi uliopokewa zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness. Programu hiyo huweka pamoja na picha tarehe, saa na mahali ilipopigwa, na kuzuia isibadilishwe. Kwa hiyo maelezo yanayofichwa ndani ya picha ya simu ni kisu chenye makali mawili. Mbele ya jaji yanaweza kusimamisha kesi. Mbele ya mtu mwenye silaha yanaweza kuonyesha walikojificha watu.

Simu yafika, na kukatwa kwake

Simu za mkononi zilienea Kongo kuanzia miaka ya 2000. Mwaka wa 2009 na 2010 nyaya kubwa za intaneti zilifika pwani ya Afrika Mashariki kupitia chini ya bahari, na mwaka wa 2013 Kongo nayo iliunganishwa upande wa Muanda, kwenye Atlantiki. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, Wakenya walikuwa wametengeneza programu ya Ushahidi, ili raia watume kwa simu habari za fujo za baada ya uchaguzi zionekane kwenye ramani. Kabla mwaka huo haujaisha, programu hiyo ilijaribiwa pia kwa ajili ya vita vya mashariki mwa Kongo. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika vijiji vingi hapakuwa na mtandao, wala umeme wa kuchaji simu. Chombo peke yake hakileti habari. Mtu ndiye anayeileta.

Na chombo kinaweza kuzimwa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti. Ilikatwa tena tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na haikurudi mpaka karibu siku 20 baadaye. Katika siku hizo redio trotwari, yaani uvumi wa barabarani, ilifanya kazi usiku na mchana. Aliyekuwa na habari zake zote kwenye intaneti hakuwa na kitu mkononi. Redio ya FM, yenye jenereta au paneli za sola, iliendelea kusikika. Tangu hapo waliokomaa katika kazi hii huwaambia vijana wasichague kati ya redio na ukurasa. Vyote viwili vinatakiwa, kwa sababu havifi siku moja.

Kinachofundishwa kwenye staji

Upande wa mashine hauchukui muda mrefu. Kijana mwenye bidii, wa kiume au wa kike, anaweza kujifunza Audacity, programu ya bure ya kukata sauti iliyopo tangu mwaka wa 2000, katika siku chache. WordPress, ambayo kurasa nyingi za habari zimejengwa juu yake, imekuwepo tangu mwaka wa 2003 na haina gharama kuijaribu. Simu ikiwekwa karibu na mdomo wa anayesema, mgongo ukielekezwa kwenye upepo wa ziwa, hutoa sauti ya kutosha kwa redio.

Linalohitaji fikira ni uzito. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya kiwango cha CD, huwa na mega kama 10. Dakika hiyohiyo ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, inakuwa nusu ya mega, na maneno ya msemaji bado yanaeleweka vizuri. Picha ya simu ya mega nne inaweza kushushwa hadi chini ya kilobaiti 200 na kutazamwa bila shida kwenye kioo kidogo. Kwa mtu wa Kinshasa tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo. Kwa familia iliyokimbia, inayonunua mega kidogokidogo na kulipia hata chaji ya simu, ni tofauti kati ya kuisikia habari ya kijiji chao na kuikosa.

Baada ya uzito unakuja ukweli. Kila vita vinapoanza, picha za zamani na za nchi nyingine hurudi kwenye simu na maelezo mapya. Kijana anafundishwa kuitafuta picha kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe, kuona kama ilishatokea zamani. Anafundishwa kutoandika «jana» bali tarehe, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp huzunguka wiki tatu ukiwa bado unasema jana. Anafundishwa kupiga simu kwa watu wawili wasiojuana kabla ya kuandika kwamba kijiji kimeshambuliwa. Familia inayosoma habari hiyo Nyarugusu inaweza kuahirisha kurudi kwa mwaka mzima. Familia inayoisoma Mboko inaweza kubeba watoto na kuingia mtumbwini usiku. Habari ya uongo juu ya shambulio imeshawahamisha watu sehemu nyingi bila risasi hata moja kupigwa.

Kuna pia sheria. Tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka wa 2023 Kongo ilipata sheria mpya ya uhuru wa habari na pia kanuni ya mambo ya kidijitali. Kazi ya habari ya kwenye intaneti si uwanja usio na mwenyewe tena. Anayesambaza uzushi kwa simu anaweza kujibu mbele ya sheria, na kijana wa staji anatakiwa ajue hivyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Na kuna jaribu la pesa. Staji nyingi hazilipwi. Nauli ya pikipiki, mega na chakula cha mchana hutoka mfukoni kwa mzazi. Kijana huyo anapotumwa kwenye mkutano, mwenye mkutano humpa bahasha, ile ambayo Wakongo huiita kupaje. Akizoea kwamba habari hulipiwa na anayesifiwa, hakuna programu itakayomrudisha. Somo hilo hakuna anayelipata kwenye kompyuta. Hulipata kwa kumtazama mkubwa wake wa kazi anafanya nini na bahasha.

Nani ana nenosiri?

Linalobaki ni lile lililoanza na kaseti. Watu husema kitu kikishawekwa kwenye intaneti hakipotei. Historia ya kurasa ndogo inaonyesha vingine. Jina la ukurasa hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Mahali ukurasa unapokaa hulipiwa pia. Mara nyingi kijana aliyeujenga wakati wa staji ndiye peke yake anayejua nenosiri. Akimaliza, akihama au akikimbia, ukurasa unabaki kama nyumba iliyofungwa na ufunguo umeondoka. Mwaka unapoisha, hata nyumba haipo. Simu iliyohifadhi picha zote inaibiwa, kompyuta iliyohifadhi sauti zote inaporwa. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwanzo wa mwaka wa 2025 ulilionyesha hilo tena. M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Redio kadhaa zilinyamaza, waandishi wa habari walikimbia, wanafunzi waliacha masomo na staji katikati. Familia nyingi zilishuka kuelekea Uvira na Fizi, nyingine zikavuka kwenda Burundi na Tanzania. Aliyekimbia alibeba watoto, sufuria na simu. Kompyuta ya redio hakuna aliyeibeba.

Kinga yake si ghali. Kila sauti na kila picha ya maana inawekwa mahali patatu: kwenye kompyuta ya kazi, kwenye flashi au diski nyingine, na nakala moja nje ya mji, kwa mtu wa kuaminika au kwenye hifadhi ya intaneti. Jina la faili linaandikwa kwa tarehe, mahali na mada, si «sauti mpya 2». Ukurasa uliotoka unaweza kuhifadhiwa bure kwenye Internet Archive, maktaba ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka wa 1996, na yeyote anaweza kuufungua huko hata kama ukurasa wa kwanza umekufa. Nenosiri linajulikana na watu wawili au watatu, na linabadilishwa mmoja anapoondoka. Mambo yanayoweza kumdhuru mtu, kama majina ya waliobakwa au ya watoto waliopotezana na wazazi, hayawekwi wazi; ya watoto hupelekwa kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana njia yao ya kutafuta familia.

Watoto wa Fizi waliozaliwa Nyarugusu mwaka wa 1997 leo ni wazazi. Wengine hawajawahi kuiona Baraka. Siku watakapouliza shamba la babu lilikuwa upande gani wa mto Mutambala, nani aliuawa, nani alimficha jirani wa kabila jingine ndani ya nyumba yake, jibu litakuwa lile ambalo mtu alilirekodi, akaliandika tarehe na kulitunza. Kwa hiyo mkuu wa redio anayetia sahihi ripoti ya staji ana swali moja la kumwuliza kijana kabla ya kumpa pointi zake: ulichofanya hapa kiko wapi, na nani mwingine anaweza kukifungua?